Sifa za Soroche

Laguna 69 imeshasifiwa ikatosha. Ni ziwa lenye namba badala ya jina, lililojilaza kwenye kimo cha mita 4,600 hivi, chini ya kilele cha Chacraraju, katika Hifadhi ya Taifa ya Huascarán nchini Peru. Maji yake ya rangi ya feruzi yamepigwa picha na kila mwenye simu. Basi dogo linalowapeleka wageni limesifiwa kwa nauli yake nafuu, na hata ng'ombe wanaolisha bondeni wamepata watu wa kuwasifu. Aliyesahauliwa ni mchapakazi kuliko wote njiani, anayekuja bila kuitwa na kuhudumia bila malipo: soroche, kama Waperu wanavyouita ugonjwa wa milimani, bingwa wa kugonga kichwa, kuchafua tumbo na kukata pumzi.

Tuanze na nasaba, maana si mtoto wa juzi. Padri Mjesuiti José de Acosta, aliyeteswa naye kwenye milima ya Andes, alimtaja kitabuni mwaka 1590 na kukisia kwamba hewa ya huko juu ni nyembamba mno kwa pumzi ya binadamu. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert, aliyekuwa akijifungia kwenye chumba cha kupunguzia hewa, alithibitisha kwamba shida ni uhaba wa oksijeni. Hewa ya Laguna 69 ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Tanga au Lamu. Kilichopungua ni kanieneo yake, ambayo haifiki asilimia 60 ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inarudi na mzigo pungufu. Ugonjwa gani mwingine wa siku moja una ukoo wa wasomi namna hii?

Sifa yake kuu ni uaminifu katika hesabu. Msafiri wa bei rahisi hutoka Lima, kando ya bahari, kwa basi la usiku. Anashuka Huaraz, mita 3,050 hivi, analala kwenye chumba cha vitanda vingi, na kesho yake alfajiri yumo ndani ya basi dogo. Wenyeji wamemshauri apumzike siku mbili tatu mwili uzoee. Amepiga hesabu ya kitanda na chakula, akaona anaibiwa. Anadhani amebana pesa, kumbe amekopa siku. Soroche hufanya kama mwenye duka la mtaani: anaandika daftarini, hapigi kelele, anangoja. Kilomita za kwanza kutoka Cebollapampa ni tambarare, mto pembeni, maporomoko ya maji mbele, na mkopaji anapiga mluzi. Daftari linafunguliwa kwenye kona za mwisho, pale njia inapojikunja na kujikunja tena kuelekea juu.

Na hata akidai, bado anakuokolea fedha. Mkate na jibini ulivyobeba vitarudi vilivyo, kwa sababu hamu ya kula imekwisha. Jioni hutaagiza bia.

Haki yake nayo haina mfano. Haangalii viatu vya bei mbaya wala kifua cha mazoezi, maana ukakamavu haumzuii. Kijana wa mbio ndefu atashika magoti na kuangalia vumbi, huku bibi aliyekaa Huaraz wiki nzima akimpita taratibu, anamenya chungwa, na kumpa pole.

Pia ni mwalimu. Waongoza watalii wa Kilimanjaro hushinda wakisema "pole pole", na mgeni hucheka na kulichapisha neno kwenye fulana. Soroche husema mara moja tu, ndani ya fuvu, na somo linakaa. Kambi ya Barafu, wanakolala wapandaji wa njia ya Machame kabla ya kuelekea kileleni, iko karibu kimo hichohicho, na huko mtu hufika baada ya siku kadhaa. Laguna 69 inafikiwa kabla ya chakula cha mchana. Haraka kama hiyo inahitaji mwalimu mkali.

Mashabiki wa ziwa wanamwona kama doa kwenye picha yao. Hawajui ni ndugu yake wa tumbo moja. Kimo ndicho kilichozaa barafu. Barafu ikasaga miamba ikawa unga laini. Unga ukaelea majini na kuutawanya mwanga hadi ukatokea ule ubuluu wa kijani. Kimo hichohicho kikamzaa soroche. Anayemtaka dada bila kaka amekosea nyumba.

Washitaki wake wana hoja moja nzito: kwamba ana jamaa wauaji, uvimbe wa ubongo na maji kwenye mapafu. Ni kweli, na ndiyo maana nasema ni muungwana. Mara nyingi yeye hutangulia na kubisha hodi kwenye paji la uso, ili jamaa zake wasikukute umelala. Chai ya majani ya koka ni ukarimu mzuri wa wenyeji, lakini hailipi zile siku ulizokopa. Vidonge vya kutuliza maumivu hunyamazisha hodi tu, mgeni bado yuko mlangoni. Dawa anayoikubali ni miguu yako: geuka, shuka. Ukishuka mita mia chache, mara nyingi anaanza kulegeza mkono, hata kama ziwa hukuliona. Wadai wengine ukiwakimbia hukufuata hadi kwa mjomba wako. Huyu ukimpa mgongo, anafuta deni lote.