Kwa Heshima ya Kipara

Katika Nyakunguru yetu, huku Tarime, ambako kila kitu kina haraka, ni kipara peke yake kinachojua kungoja. Mahindi yanakimbizana na mvua, bodaboda zinakimbizana na giza kuelekea Nyamongo, na uvumi ukisikika tu kwamba mgodi wa dhahabu utapima ardhi ya upande fulani na kulipa fidia, usiku huohuo kuna mtu anachimba msingi. Kipara hakina mambo hayo. Huanza pembeni mwa paji la uso, kulia kidogo, kushoto kidogo, kikakaa hapo miaka mitano bila kumsumbua mtu, kisha kikafungua tawi jingine utosini. Matawi hayo mawili yatakutana siku moja, ila hayajawekeana tarehe. Mwenye kichwa huwa wa mwisho kupata habari. Wa kwanza ni kinyozi, ambaye kwa adabu ya kazi yake hunyamaza na kukigeuza kioo kidogo.

Nakisifu kipara, na sioni aibu, maana nimetanguliwa na Mwafrika mwenzangu. Synesius wa Kirene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, aliandika kitabu kizima cha kukisifu miaka kama 1,600 iliyopita, akimjibu msemaji wa Kiyunani Dio Chrysostom aliyekuwa amezisifu nywele. Synesius alikuwa na kipara chake mwenyewe, na baadaye akawa askofu. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba jua, mwezi na nyota ni viduara visivyo na nywele, kwa hiyo kichwa kilicho wazi kimekaribia mbingu. Hoja hiyo naiheshimu, lakini ya mbinguni nawaachia maaskofu. Sisi tunazo za hapahapa, upande huu wa mto Mara.

Ya kwanza ni cheo. Kwa Wakurya cheo kina njia ndefu: utahiriwe, uoe, upate ng'ombe, utahirishe watoto wako, uzeeke bila kashfa, ndipo wazee wa inchama, baraza la wazee wa mila, wakutupie jicho. Kipara kinakukatia njia ya mkato. Kijana wa miaka ishirini na minane akivua kofia kwenye ritongo, yaani mkutano wa hadhara wa kimila, minong'ono inapungua na mtu anamsogezea kiti. Wenzake wote wa rika lake bado wanaitwa mura, yaani kijana. Yeye anaamkiwa shikamoo na watu waliomzidi umri. Kondakta wa basi la Tarime anamwambia, "Mzee, njoo ukae huku mbele." Hakuomba, hakuhonga, hakugombea. Nani mwingine katika wilaya hii amepandishwa cheo kwa utaratibu safi namna hiyo?

Madaktari nao wameyapanga madaraja. James Hamilton, Mmarekani, aliyachora mwaka 1951, na O'Tar Norwood akayarekebisha mwaka 1975, yakawa saba. Daraja la kwanza ni kichwa kilichojaa nywele, yaani mtu ambaye hajaanza safari. La saba umebakiwa na ukanda tu, kutoka sikio hadi sikio kwa kupitia kisogoni. Watoto wa shule nao wana daraja lao moja linalowatosha, "kipara ngoto", wanalitamka wakiwa mbali kidogo na fimbo.

Ukiwauliza wauza dawa wa mnadani, watakwambia kipara huletwa na kofia, au mawazo, au kubeba mizigo kichwani, au mashine chafu ya kinyozi. Mashine chafu inaweza kukuletea mapunye, na mapunye ni ugonjwa wa kuvu unaotibiwa ukapona. Hauhusiani na heshima tunayoizungumza hapa. Kipara chetu kinatokana na uanaume wenyewe. Homoni ya testosteroni hubadilishwa na kimeng'enya kimoja kuwa homoni kali zaidi, ambayo madaktari huiita kwa kifupi DHT. Unywele wa kawaida huota kwa miaka kati ya miwili na sita, ukapumzika miezi mitatu hivi, ukadondoka kumpisha mwenzake. Ndiyo maana kudondosha nywele hamsini hadi mia kwa siku si ugonjwa. Lakini mtu aliyerithi utosi unaoisikia sana DHT, kila unywele wake hupewa mkataba mfupi kuliko uliotangulia. Unazaliwa mwembamba zaidi na mfupi zaidi, mpaka pale juu panabaki malaika tu. Hakuna kilichong'olewa. Kazi imefanyika kwa kupunguza, polepole, bila kelele.

Na DHT hiyohiyo, ikishuka kidevuni, inaotesha ndevu. Wafanyabiashara wetu waliokuwa wakivuka Sirari kabla ya Kenya kubadilisha noti zake mwaka 2019 walikuwa na ushahidi mfukoni: Mzee Jomo Kenyatta, paji limepanda hadi utosini, ndevu zimetulia. Homoni moja, maamuzi mawili, uso uleule. Taifa zima lilinunulia unga kipara kile na hakuna aliyelalamika kwamba hakina nywele.

Wanaodai kipara ni udhaifu wakaulize historia. Wayunani wa kale, Aristotle akiwamo, walishaona kwamba wanaume waliohasiwa hawapati kipara. Mwaka 1942 Hamilton yuleyule alithibitisha: waliohasiwa kabla ya kubalehe walibaki na nywele zao zote, lakini baadhi yao walipopewa testosteroni, kipara kikaja kama kilivyokuja kwa ndugu zao. Kwa hiyo kinga kamili ya kipara imejulikana kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Atakayeitaka ajitokeze mbele ya ritongo, aseme mwenyewe, kwa sauti ya kusikika.

Lawama nazo hazina pa kutua. Wengi huwatupia wajomba, na kweli wajomba wana kesi ya kujibu: jeni moja kubwa katika jambo hili iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake. Lakini jeni nyingine nyingi zimekaa kwingine, na ukoo wa baba umechangia zake. Ukienda kudai fidia ujombani, utaambiwa kwanza ukamvue kofia babu mzaa baba. Afadhali ukubali kwamba umerithi kitu kisichogawanywa. Ng'ombe na shamba ndugu hupigania mpaka mahakamani. Sijasikia ndugu wakigombea kipara.

Sasa nifike kwa wanaokikana. Watu wa Nyamongo tunayajua majengo ya tegesha: nyumba inayosimama usiku mmoja kwa miti na bati, au migomba inayopandwa mfululizo mahali ambapo jana palikuwa majani, ili mthamini wa mgodi akija akute mali ya kulipia fidia. Nywele nazo zina tegesha yake. Mtu anaingia saluni na paji limerudi nyuma vidole vinne, anatoka na mstari mweusi mpya uliochorwa kwa piko, umenyooka kama ukingo wa rula, nyusi na nywele zikiwa majirani tena. Kazi nzuri kwa picha. Tatizo ni mthamini. Mthamini wa nywele ni jasho, na jasho la Februari halipangi miadi: saa saba mchana, kwenye harusi, katikati ya dansi, ule mstari unahama na kuteremka shavuni. Wengine ngozi inawaka na kuvimba, kwa kuwa piko jeusi huwa na kemikali ambayo miili mingine haiitaki kabisa. Kipara hakijawahi kumwaibisha mtu kiasi hicho. Kinachoaibisha ni majengo yaliyojengwa juu yake.

Kipara pia kimelisha familia nyingi ambazo hazikijui. Mnadani kuna chupa za kitunguu maji, mafuta ya nyonyo, habasoda, na mchanganyiko wa siri unaoahidi nywele ndani ya siku saba. Na kuna mashahidi wa kweli walioota nywele! Ila uwaulize vizuri. Mmoja alikuwa na malaria kali. Nywele zikampukutika miezi miwili au mitatu baadaye, kama zinavyofanya mara nyingi baada ya homa kubwa, na zingerudi hata angejipaka chai. Mwingine alikuwa na viraka vya mviringo, ugonjwa ambao kinga ya mwili inazishambulia nywele kisha mara nyingi inaziachia zenyewe. Sifa zote zikaenda kwenye chupa. Kuvitenganisha vitu hivi ni kazi ya wataalamu wa ngozi. Wengi wao wamesomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo cha kanda kilichoko hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992. Nywele zikidondoka kwa ghafla, au kwa viraka, au kwa kuwasha na usaha, huyo si kipara wetu. Wetu ni mpole. Mpeleke huyo mwingine hospitali.

Haki inanilazimu niseme kwamba hata mpole wetu ana dawa, na dawa zenyewe zimekuja kwa heshima, zikiwa zinatafuta kazi nyingine. Minoksidili ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu lililoshindikana. Marekani ilikiruhusu mwaka 1979, wagonjwa waliokinywa walikuwa wakiota nywele mahali wasipozitaka, na mwaka 1988 ikaruhusiwa kama maji ya kupaka kichwani. Finasteridi iliruhusiwa mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, miligramu 5, kisha mwaka 1997 kwa nywele, miligramu 1. Inakifunga mkono kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Inawezekana kabisa kwamba kuna mzee kijijini anakunywa dawa ya tezi dume na huku amesimamisha kipara chake bila kukusudia, akimsifu mganga.

Zinafanya kazi, hasa kwa aliyewahi, nywele zikiwa zimepungua na hazijaisha. Lakini hapo ndipo kipara kinapoonyesha ukubwa wake. Minoksidili unaipaka kila siku. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, na matokeo unayaona baada ya miezi minne hadi sita. Ukiacha, ndani ya miezi kadhaa kipara kinarudi mahali pake bila kinyongo, hakikuulizi ulikuwa wapi. Finasteridi kwa wanaume wachache hupunguza hamu ya chumbani, jambo ambalo kwa mtu aliyetoa ng'ombe za mahari linataka mazungumzo marefu. Hushusha pia kwa takriban nusu kipimo cha damu cha tezi dume, kwa hiyo daktari lazima aambiwe. Na mama mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika, kwa sababu vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Si dawa ya kununuliwa kwa kunong'ona dirishani.

Wenye nacho hupandikiza. Wanapanda ndege hadi Istanbul, wanachukuliwa nywele za kisogoni, ambazo DHT haiziwezi, na kupandwa mbele. Nauli peke yake ni ng'ombe. Tena nywele zetu zimejikunja mpaka ndani ya ngozi, kuzitoa nzima kunataka fundi hodari, na baadhi ya ngozi zetu hupenda kuacha makovu yaliyoinuka. Sisemi mtu asiende. Nasema kipara hakijawahi kumtoza mtu nauli.

Kuna sifa moja wamekipa wengine ambayo naikataa. Juni 2017 polisi wa Msumbiji waliwaonya wanaume wenye vipara baada ya watu kadhaa wenye vipara kuuawa katika wilaya ya Milange, mkoa wa Zambezia. Imani iliyotajwa ni kwamba ndani ya kichwa cha mwenye kipara kuna dhahabu. Watuhumiwa walisema viungo vilikusudiwa kwa wateja wa waganga, na nchi zilizotajwa ni Malawi na Tanzania. Tanzania, yaani sisi, ambao tumeshazika ndugu zetu wenye ualbino kwa upumbavu wa aina hiyohiyo.

Nyakunguru tuna haki ya kulijibu hilo kuliko wengi, maana tunaamka na kulala tukisikia mgodi wa North Mara. Hapa hata mtoto anajua kwamba tani nzima ya mwamba husagwa ili kupata gramu chache. Kichwa cha mtu mzima kina kilo tano hivi. Kama kingekuwa mwamba mtupu uliotoka shimo la Gokona hapo mgodini, tuseme wenye gramu nne kwa tani, kingetoa gramu 0.02, punje isiyojaza hata ncha ya ukucha. Na si mwamba. Ni kichwa cha baba wa mtu. Anayeuza habari ya dhahabu hiyo akamatwe pamoja na mnunuzi wake, na mganga akiwa katikati yao.

Nimalizie na maombi yetu, kwa sababu sifa bila madai haziishi vizuri upande huu. Kwanza, watafiti wameona kwamba wanaume wenye kipara cha utosini hupata maradhi ya moyo kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wengine. Si kwamba kipara kinauma moyo, ila vinaonekana pamoja. Basi kipimo cha presha kikiletwa kijijini, sisi tutangulie kwenye foleni. Pili, tuko chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta, na zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Ngozi nyeusi inajikinga vizuri, lakini utosi wa saa saba mchana hauna mjomba. Ritongo ijayo, upande wa kivulini uwe wetu. Kwa Wazungu karibu nusu ya wanaume huwa wameshaanza kupata kipara wakifika miaka 50. Waafrika ni wachache zaidi, kwa hiyo hatutawabana, viti vichache vitatosha. Wenye nywele wakae juani. Na wenye piko wakae mbele kabisa.