Kaliba, Baruti na Bega: Mwongozo kwa Anayetaka Kuangusha Kondoo wa Chuma

Kila msimu, mchezo wa kulenga shabaha kwa baruti nyeusi huko Marekani hupokea wageni wa aina tatu: anayetaka mshindo, anayetaka moshi, na aliyetoka kutazama filamu. Wote wanakaribishwa. Wengi wao hurudi nyumbani na bega lililovimba, huku nyuma wanyama wa chuma wamesimama vilevile. Mwongozo huu ni wao, ili kelele zipungue na wanyama wazidi kuanguka.

Hatua ya kwanza: mjue unayempiga

Mashindano ya sanamu za wanyama wa chuma kwa baruti nyeusi yalianza mwaka 1985 katika viwanja vya Whittington Center, karibu na mji wa Raton, New Mexico. Wahanga ni wanne: kuku mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385, na kondoo dume mita 500. Kuku unampiga umesimama wima bila egemeo. Kwa waliobaki unaruhusiwa kukaa au kulala na kuegemeza mtutu kwenye vijiti viwili vilivyopishana. Mnyama asipoanguka hupati kitu, hata risasi ikimpiga na watu wote wakasikia mlio wa chuma.

Basi unatafuta bunduki moja yenye kazi mbili: isikutishe unapomlenga kuku, na iwe na uwezo wa kumlaza kondoo umbali wa nusu kilomita. Mwenye kununua kabla ya kufikiri hilo ananunua pambo la ukutani.

Hatua ya pili: chagua kaliba, usichague sifa

Majina ya kaliba hizi husomeka kirahisi. Nambari ya kwanza ni upana wa mtutu kwa sehemu za inchi. Ya pili ni uzito wa baruti ya asili kwa greni. Greni 70 ni kama gramu 4.5.

Aliyetazama filamu ya *Quigley Down Under* ya mwaka 1990 atataka bunduki ya Sharps ya .45-110. Mwigizaji wa filamu hiyo alipiga risasi chache akalipwa mshahara. Wewe utapiga makumi kwa siku moja, na hulipwi. Ukifika katikati ya mashindano utaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na aliyefumba macho halengi chochote.

Anayetaka .50-90, silaha ya wawindaji wa nyati wa karne ya 19, na aikague tena orodha ya wanyama. Nyati hayumo.

Upande wa pili kuna .38-55. Ni pole, na kwa kuku ni raha tupu. Lakini risasi yake ni nyepesi, na kondoo akipigwa chini ya tumbo huweza kutikisika tu akabaki amesimama. Katikati ndiko kwenye busara. .40-65 hurusha risasi ya takriban greni 400 bila kuumiza bega. .45-70, iliyoingizwa katika jeshi la Marekani mwaka 1873 na risasi ya greni 405, leo hubeba risasi ya greni 500 na zaidi, na humlaza kondoo bila ubishi. Mtu mwembamba au mwenye bega bovu achukue ya kwanza. Wengine wachukue ya pili.

Hatua ya tatu: risasi iafikiane na mtutu

Usinunue risasi ndefu kwa sababu ni nzuri kwa macho. Mifuo ya ndani ya mtutu ndiyo inayoizungusha, na mwaka 1879 mwanahisabati Mwingereza Alfred George Greenhill alitoa kanuni inayobainisha jambo hili: risasi ikirefuka, inahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Bunduki ya Springfield ya mwaka 1873 ilizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 22. Mitutu mingi ya .45-70 inayotengenezwa sasa kwa mashindano huizungusha mara moja kwa kila inchi 18, kwa ajili ya zile ndefu na nzito. Ukiona tundu la karatasi lina umbo la risasi iliyolala ubavu, mtutu umekwisha kukujibu.

Risasi iwe laini. Changanya sehemu 20 za madini ya risasi na sehemu moja ya bati. Mlipuko utaitanua kidogo iujaze mtutu. Mifereji yake ijazwe kilainishi cha nta ya nyuki na mafuta. Risasi kavu huacha madini yake mtutuni.

Hatua ya nne: baruti hupimwa, haikadiriwi

Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa 15 na kiberiti 10. Pakiti huandikwa herufi F: zikiongezeka, punje huwa ndogo na huungua haraka. Kwa .45-70 anza na F mbili au F moja na nusu.

Pima kila kipimo kwa mizani. Imimine polepole kupitia mrija mrefu ili punje zikae vizuri, weka juu kizibo cha karatasi ngumu, kisha risasi. Pasibaki nafasi ya hewa kati ya baruti na risasi. Nafasi hiyo huweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua. Usivuke vipimo vya mtengenezaji wa bunduki, na baruti isiyo na moshi isiingie kabisa katika bunduki ya zamani: hapo hakuna mzaha.

Wapenda mshindo sasa watauliza habari za kasi. Karibu na kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, ukinzani wa hewa hupanda ghafla. Kasi ya ziada unayoilipia kwa bega lako huporwa na hewa kabla risasi haijafika mbali. Tafuta kipimo kinachorudia tundu palepale. Badili jambo moja tu kila mara, piga kumi, tazama karatasi.

Hatua ya tano: pumzi yako ni sehemu ya kipimo

Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi hugeuka masizi badala ya gesi. Raton iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, na masizi hukauka yakawa magumu. Kwa hiyo bunduki ikiwa tupu na wazi, puliza pumzi kwa mrija kutoka nyuma ya mtutu ili unyevu uyalainishe, au pitisha kitambaa chenye maji. Fanya vilevile kila baada ya risasi. Anayepuliza leo mara tatu, kesho mara saba, asilaumu baruti.

Hatua ya sita: lenga shabaha yako

Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor, New York, timu ya Ireland ilikuja na gobore, lakini gobore zilizochongwa na mafundi wa Rigby, ikapambana na Wamarekani kwa yadi 800, 900 na 1,000. Marekani ilipata 934, Ireland 931. Mwirelandi mmoja alikuwa amepiga katikati kabisa ya shabaha isiyo yake, akapewa sifuri. Pigo hilo lilikuwa na thamani ya alama nne. Kaliba yake ilikuwa sahihi, baruti yake ilikuwa sahihi, na timu yake ilishindwa kwa tatu.

Hukumu ni hii: chukua .45-70 au .40-65, risasi nzito na laini, baruti iliyopimwa, mtutu unaosafishwa kwa namna ileile, na usibadili chochote hadi msimu uishe. Fedha iliyobaki nunulia baruti zaidi ukafanye mazoezi.