Namna ya Kuachia Wimbo Ukiwa Bendi ya Mtu Mmoja

Huna mpiga ngoma, huna mpiga besi, huna meneja. Una kompyuta, kinanda kidogo cha kuchomeka na hamu kubwa ya kuonekana. Yatosha kabisa kwa popu ya sintesaiza. Sogea, ndugu yangu, nikupitishe njia za mkato.

1. Chukua sauti iliyo tayari. Usikeshe ukiunda sauti kuanzia sifuri. Sintesaiza ya Yamaha DX7 ilipotoka mwaka 1983, kuunda sauti mpya ndani yake kulikuwa kazi ngumu, hivyo wengi walibonyeza zile zilizotoka nayo kiwandani, na piano yake ya umeme ikatapakaa kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ile. Gary Numan aliingia studio mwaka 1978 kurekodi panki ya magitaa, akakuta sintesaiza ya Minimoog imeachwa humo. Akaigusa. Mwaka uliofuata "Are 'Friends' Electric?" ikashika namba moja Uingereza. Hata Jamaika, mwaka 1985, mdundo wa "Under Mi Sleng Teng" wa Wayne Smith ulitoka kwenye kitufe cha Casio MT-40, kinanda cha nyumbani. Aliyeutunga ni mfanyakazi wa Casio, Hiroko Okuda. Basi bonyeza hadi usikie ile inayokusisimua mwili, kisha acha kutafuta. Geuza kitu kimoja tu, labda filta, ili uweze kusema kwa macho makavu kwamba sauti ni yako.

2. Studio? Ingia kabatini. Nguo zilizojaa hunyonya mwangwi, na sauti yako itatoka safi kama ya mwenye pesa. Mwanamuziki Grimes alirekodi albamu ya *Visions*, iliyotoka 2012, kwenye nyumba aliyokuwa akiishi Montreal, kwa programu ya GarageBand. Adam Young wa Owl City alikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake Minnesota alipotengeneza "Fireflies", iliyofika namba moja Marekani mwaka 2009.

3. Ghushi umati. Hapa usione uvivu, maana ndipo utamu ulipo. Imba kiitikio mara nne, kila mara ukirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maikrofoni, kisha tawanya sauti hizo kushoto na kulia. Usidanganye kwa kunakili ile ile moja mara nne: hutapata watu wanne, utapata mmoja mwenye kelele. Ule mkosano mdogo wa pumzi na matamshi ndio unaomfanya msikilizaji aone kundi zima limesimama mbele yake. Ukichoka kwenye mara ya tatu, vizuri. Uchovu nao ni mtu mwingine.

4. Ikwepe Ijumaa. Tangu 2015 ndiyo siku ya dunia nzima ya kuachia nyimbo, na mastaa wameijaza. Wewe toka Jumanne, uwe bwana harusi peke yako. Ila pakia wimbo mapema: Spotify hutaka uombe kuwekwa kwenye orodha zao siku 7 au zaidi kabla ya kutoka.

5. Kiitikio kije mapema. Huko huko Spotify wimbo huhesabiwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi mrabaha wa rekodi. Waombe binamu, majirani, na yule mpenzi wa zamani anayekufuatilia kimyakimya, wausikilize. Usinunue wasikilizaji bandia. Hiyo ndiyo hila ninayokukataza kabisa: nyimbo huondolewa, na faini zipo.

6. Uza pia kwenye tovuti ya Bandcamp, ambako shabiki anaruhusiwa kulipa zaidi ya bei uliyoweka. Weka bei ya heshima, jina lako kwa herufi kubwa, na anayetaka kuongeza usimzuie.