Sifa za Betri Isiyofika Jioni

Afrika Mashariki si bahili wa sifa. Pwani husomwa kasida za kumsifu Mtume, Wahaya wana majigambo ambamo shujaa hujisifu kabla hajasifiwa na mwingine, na Shaaban Robert aliandika kitabu kizima, Wasifu wa Siti Binti Saad, kumtukuza mwimbaji mmoja wa Unguja. Katika wingi huo wote, hata hivyo, hajatokea wa kuisifu betri ya simu janja iliyochakaa, yaani ile inayoondoka nyumbani alfajiri ikiwa na asilimia 100, ikafika kazini na 61, kisha ikazima saa tisa alasiri huku kioo kikiwa kimetoka kudai kwamba zimebaki 14. Upungufu huo unastahili kurekebishwa, na wanaofaa kuurekebisha wapo kila mji, kwa kuwa wahenga walikwisha sema kwamba asifuye mvua imemnyea.

Kila sifa huanza na nasaba, na nasaba ya betri hii ni ya heshima. Ni betri ya ayoni za lithiamu, maana yake ni kwamba chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme, ambazo ndizo ayoni, husafiri kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine simu inapotumika, na hurudishwa zilikotoka simu inapochajiwa. Kampuni ya Sony ya Japani iliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliojenga misingi yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Goodenough aliipata akiwa na miaka 97, umri mkubwa kuliko wa mshindi yeyote wa Nobel aliyemtangulia, jambo linaloonyesha kwamba betri hii imewahi kuhusiana kwa karibu na maisha marefu, ingawa si yake. Katika kila safari ya kwenda na kurudi, ayoni chache hunaswa kwenye utando unaojijenga katika ncha hasi na hazirudi tena kazini, na kwa kuwa joto huharakisha kukua kwa utando huo, betri huzeeka hata mwenye simu akiwa mwadilifu kiasi gani.

Fadhila zake ni nyingi, lakini iliyo kuu kuliko zote ni udhuru, nayo inahitaji kuchambuliwa kwa utaratibu. Kabla ya betri hii, mtu aliyetaka kukwepa wajibu alikuwa na nyudhuru nne tu za kutegemea, na kila moja ilikuwa na kasoro. Udhuru wa ugonjwa hudai cheti cha daktari, na mbaya zaidi huleta nyumbani wageni wenye machungwa, ambao humkuta mgonjwa akipiga pasi shati la kutokea. Udhuru wa msiba hudai maiti, na hakuna ukoo wenye mabibi wa kutosha kuzikwa kila mwisho wa mwezi. Udhuru wa foleni hufaa Dar es Salaam na Nairobi, lakini haumsaidii mkazi wa mji wa Lamu, ambako aliyechelewa labda atakuwa amezuiwa na punda. Udhuru wa mtandao kusumbua, nao, huanguka mara tu mdai anapokumbusha kwamba wote wawili wanatumia laini za kampuni moja.

Udhuru wa betri hauna hata moja ya kasoro hizo: haudai cheti, haudai maiti, wala hauchagui mji. Zaidi ya hayo, una kitu ambacho mawakili hulipwa fedha nyingi kukitafuta, yaani shahidi huru, kwa kuwa sauti iliyorekodiwa na kampuni ya simu, isiyo na undugu wowote na mdaiwa, humjulisha kila apigaye kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa na kumwomba ajaribu tena baadaye. Shahidi huyo hajapata kubabaika wala kujipinga, na hutoa ushahidi uleule usiku na mchana, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya wadai waliosoma.

Wajuzi wa fani hii hutambua daraja tatu. Ya kwanza ni kuzima kwa kweli, ambako simu hukata chaji bila kumshauri mwenyewe, na hii ni ya wanagenzi. Ya pili ni kuzima kwa hiari, ambako kidole hufanya kazi na betri hubebeshwa lawama. Ya tatu, ambayo wachache huifikia, ni kuzima kwa matarajio: mdaiwa hupokea simu kwa uchangamfu, akamjulia mdai hali yeye na mke wake na watoto wake mmoja mmoja, kisha, kabla salamu hazijafika kwenye shida yenyewe, akatangaza kwa huzuni kwamba zimebaki asilimia mbili. Matunda ya elimu hii huonekana katika michango ya harusi, ambayo huundiwa kundi la WhatsApp na kuteuliwa mhazini, na orodha ya ahadi ikabandikwa humo kila asubuhi na alama ya vema mbele ya majina ya waliolipa. Betri ya yule aliyeahidi kwa sauti kubwa kuliko wote katika kikao cha kwanza hufariki usiku wa kikao cha mwisho na kufufuka siku ya pili ya harusi, kwa wakati mzuri kabisa wa kuwapongeza maharusi na kuulizia kama picha zimetoka. Hata wakopeshaji wa mtandaoni hawakusalimika. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na programu za jamii hiyo zimejulikana kwa kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji, ili siku ya deni shemeji yake, bosi wake na mchungaji wake wapelekewe ujumbe wa kumuaibisha. Programu inayoshinda ikifanya upelelezi wa namna hiyo nyuma ya kioo hunywa betri, na kwa hiyo humwandalia mkopaji utetezi wake kwa juhudi za mkopeshaji mwenyewe.

Fadhila nyingine zinatosha kutajwa kwa kupita. Betri hii huwafundisha hesabu za asilimia watu waliozikimbia shuleni. Huokoa vifurushi vya intaneti. Huwakutanisha wasiojuana kwenye soketi moja ya kituo cha mabasi. Huwalisha wenye vibanda vya kuchajia simu vijijini. Humlaza mtu mapema.

Pamoja na hayo yote, wapo wanaotaka kuirefushia maisha, na mawaidha yao, ambayo baadhi ni ya kweli, yanafaa kuelezwa kwa haki. Kioo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa chaji, hivyo kupunguza mwanga wake kunasaidia. Simu iliyo mahali penye mtandao hafifu hupandisha nguvu za redio yake ili iufikie mnara, ikaisha chaji mfukoni bila kuguswa, na kuzima mawasiliano yake yote, kama abiria wa ndege wanavyoagizwa, huipumzisha. Betri hudumu zaidi ikikaa kati ya asilimia 20 na 80, kwa sababu kujaa kabisa na kuisha kabisa vyote huiumiza. Desturi ya kuiacha ifike sifuri kabla ya kuchaji ni urithi wa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, na haina faida kwa hii. Kufungafunga programu kila dakika nako ni kazi bure, maana kuiwasha upya programu inayotumika mara kwa mara hula chaji nyingi kuliko kuiacha imelala.

Mawaidha haya yakijumlishwa, hata hivyo, hutoa hukumu moja tu, kwamba simu hudumu vizuri zaidi isipotumiwa. Ipunguzwe mwanga, izimwe data, izimwe ramani, iepushwe na jua, isichajiwe usiku kucha. Hapa ndipo adabu ya kitaaluma inapoanza kumponyoka msifu. Dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu aifunge wapi simu yake kama si kwenye usukani, juani, kioo kikiwaka mwanga wote na ramani ikiwa wazi? Baadhi ya watengenezaji huagiza kwamba simu itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35. Mkazi wa Lodwar, ambako nyuzi hizo ni mchana wa kawaida, aihamishie kwenye baridi ya Limuru? Mama aliyerudishiwa umeme saa sita usiku baada ya giza la kutwa nzima, aamke saa nane kuichomoa simu ikiwa na 80, ili kesho umeme ukikatika tena awe amejinyima 20 kwa faida ya kemia? Mawaidha haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye umeme usiokatika, kivuli cha kutosha na kazi isiyohitaji simu, kisha yakahubiriwa kwa kila mtu kana kwamba ni maadili, hadi mwenye simu akageuzwa mtuhumiwa ambaye kosa lake ni kutumia kitu alichokinunua.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya betri huamuliwa kabla simu haijafika dukani. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani na kuuzwa zaidi ya milioni 250, ilikuwa na mfuniko uliofunguka kwa ukucha. Betri ilipochoka ilichomolewa, ikabanwa kwenye chaja ya kobe, na nyingine ikawekwa mahali pake papo hapo. Baadaye ikaja desturi ya kuifungia betri ndani, iliyopata nguvu kwa iPhone ya mwaka 2007 na kuigwa na karibu watengenezaji wote, hadi leo ambapo betri hugandishwa kwa gundi na kuitoa kunahitaji joto, kisu chembamba na dua za fundi. Sababu inayotolewa ni kwamba simu iwe nyembamba na isiingie maji. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikingwa na maji na vumbi, na mfuniko wake ulifunguliwa kwa mkono, kwa hiyo sehemu ya pili ya sababu hiyo inawafaa wasio na kumbukumbu.

Gundi hiyo ina mwenzake, nao ni ukimya. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ikieleza kuwa ilikusudia kuzizuia zisizime ghafla. Kikemia maelezo hayo yana msingi, kwani betri kuukuu hushindwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Kilichokosekana ni kumwambia mwenye simu kwamba betri mpya ingemrudishia kasi yake, na asiyejua hilo angeweza kununua simu nyingine pasipo haja. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kwa masasisho ya programu yaliyozidhoofisha simu za wateja, na mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza Apple euro milioni 25 kwa kutowaarifu wanunuzi. Gharama, hata hivyo, haiishii kwa wanunuzi. Kobalti iliyomo kwenye ncha chanya ya betri nyingi za simu hutoka zaidi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuliko nchi nyingine yoyote, hasa majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga, na mchimbaji mdogo wa Kolwezi anayeshuka shimoni kuitafuta huzungumza Kiswahili na wenzake. Simu nzima inapotupwa kwa sababu betri yake haitoki, jasho la mchimbaji huyo hutupwa nayo, na mwingine hushushwa shimoni kuchimba upya.

Umoja wa Ulaya umekataa kuyaacha mambo haya kwa hiari ya viwanda. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko lake zinapaswa kuwa na betri inayobaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800, mzunguko mmoja ukiwa ni matumizi yanayofikia asilimia 100 hata kama yamegawanyika kwa siku mbili. Na kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Kanuni hizo zina misamaha ambayo viwanda vitaitafuta kwa bidii, lakini angalau zinamwelekezea mtengenezaji madai ambayo kwa miaka mingi yalielekezwa kwa mwenye simu na kidole chake cha kupunguza mwanga.

Mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki na wabunge wanaoyatungia sheria wana wajibu wa kudai yaleyale kwa simu zinazoshushwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na wadaiwa wa michango wasihofu, kwa kuwa binadamu hajapata kuishiwa na udhuru. Kwa sasa, mnunuzi na aulize maswali mawili dukani kabla hajatoa fedha zake: betri hii inatolewaje, na mpya inauzwa bei gani? Muuzaji akicheka, simu hiyo na ibaki kwenye kabati lake la kioo.