Namna ya Kurekodi Wimbo wa Kale Bila Kuusikiliza

Unataka heshima ya mtafiti bila jasho lake? Karibu, uko mikononi mwangu. Shika njia ya Lunga Lunga kwenda Vanga, teremka Jego, tuanze.

1. Fika karibu na adhuhuri, bibi akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Huku anakuna, huku anaimba, na kila mkwaruzo wa kifuu unamvuta kwenye neno linalofuata. Mwombe aache kukuna, maana simu inanasa kelele. Atanyoosha kanga, ataweka mikono mapajani, ataanza vizuri, kisha atakwama ubeti wa pili. Andika: "Umri umekwenda, amesahau." Asante bibi, shikamoo, endelea.

2. Uliza swali moja tu: wa asili ni upi? Tuseme ni wimbo wa mke anayengoja jahazi la mumewe. Bibi atakwambia mume alizama. Mdogo wake atapaza sauti kutoka jikoni: "Azame wapi! Yuko Tanga, ana mke wa pili!" Jirani aliyeolewa kutoka Vanga ataleta mwisho wa tatu, tena kwa Kivumba, lahaja ya kwao. Zima simu upesi. Ukiwarekodi wote itabidi uulize nani alikuwa na sababu ya kumzamisha yule bwana, alioa nani, na wimbo ulivuka mpaka mara ngapi. Hiyo ni kazi ya miaka, na wewe gari lako linaondoka alasiri. Chagua mwisho wenye machozi, uuite asili. Waliobaki "wamechanganya".

3. Kata. Usione haya, hata santuri za zamani zilikata: upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na taarabu iliyozoea kukesha ikabidi ijikunje humo. Simu yako inaweza kubeba usiku mzima, lakini hoteli ya Diani itakayowapigia wageni wimbo wako inataka dakika mbili kabla ya chakula.

Kata panapouma. Mfano mzuri ni wimbo "Kijiti" wa huyo huyo Siti. Mwanamke anatoka Dar es Salaam kutembea Unguja, anauawa, mtuhumiwa anakimbilia bara, na wanaoishia jela ni mashahidi. Bi Kidude aliuimba tena miaka mingi baadaye, na kesi yake ndani. Jasiri sana, lakini si wa kibiashara. Wewe ungetoa maiti, ungetoa hakimu, ungetoa jela, ukabakiza kiitikio na ngoma. Mgeni anayemenya kamba hataki habari za mahakama.

4. Sanifisha. H. E. Lambert alijitesa kuandika kitabu kizima juu ya Kivumba, kikatoka 1957, na mwaka uliofuata akatoa cha Kichifundi. Masikini, hakuwa na haraka. Wewe badilisha kila neno usilolijua kwa neno la shuleni. Vina vikivunjika, mizani ikipinda, sema ndivyo wazee walivyoimba. Nani atabisha? Wazee hawakualikwa uzinduzi.

5. Jina. Mbele ya "mwimbaji" andika "Mapokeo ya Pwani"; mbele ya "mtayarishaji" andika lako kamili, na la babu. Kuna sheria ya Kenya ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, nayo inataka jamii iridhie kwanza. Isikutishe. Peleka kilo mbili za sukari, mpige bibi picha akicheka: ridhaa hiyo. Ukisikia moyo unakusuta, kumbuka wimbo "Malaika". Adam Salim alidai aliutunga mwaka 1945, lakini Fadhili William ndiye aliyeurekodi, na jina lake ndilo watu wanalolitaja kwanza. Ubishi haujawahi kuizima santuri.

6. Mwisho, uwe mvumilivu. Baada ya mwaka mmoja au miwili, watoto wa Jego watakuwa wanaimba ule wa kwenye simu, pamoja na lile neno ulilolisikia vibaya ubeti wa tatu. Bibi atawakosoa, watamwonyesha video. Hapo ndipo urudi, na kipaza sauti kizuri zaidi. Warekodi hao watoto, uite "toleo jipya la vijana", uombe ufadhili wa awamu ya pili.