Kuku wa Saranda

Siku hizi mke wangu hatupi kitu bila kuuliza. Anasimama mlangoni na boksi la dawa ya meno: "Baba Neema, hii ni takataka au ni nyumba?" Mara nyingi ni nyumba.

Ninajenga Saranda, ile stesheni ya Reli ya Kati kule Manyoni, juu ya meza tuliyokuwa tukilia chakula. Kila kitu nakigawanya kwa 87, kipimo kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa maradhi haya ya treni ndogo duniani. Reli ya upana wa mita moja inabaki milimita 11 na nusu. Mtu mzima anakuwa na sentimita 2, na mbuyu wa mita 20 unanifika kiwikoni. Treni na njia yake nimeletewa na shemeji anayeishi Ujerumani; vingine vingi vimetoka jikoni.

Mabati ndiyo fahari yangu. Chukua boksi la katoni, lilowanishe, chuna karatasi ya juu: mikunjo ya bati hiyo hapo. Paka rangi ya fedha, kisha dondoshea kahawa iwe kutu. Kokoto za relini ni mchanga niliouchekecha kwa chujio la chai, na chai ya jioni hiyo ilitafunika. Miti ni dodoki lililokatwakatwa. Mbuyu ni chupa ya maji iliyovishwa magazeti kwa gundi ya uji wa ngano. Udongo ni majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, na nyasi za masika ni machicha ya nazi yaliyotiwa rangi ya keki.

Uji, nazi, na chai ya nyumbani kwetu, ambayo huchemshwa pamoja na sukari. Mimi niliona mandhari ya Ugogo. Sisimizi waliona futari.

Waliingia usiku kwa foleni, wakifuata njia ya reli kutoka upande wa Kigoma. Nilitaka kuwapulizia dawa, ila mkono ukasita: sisimizi wa milimita 5, ukimzidisha kwa 87, anapata sentimita 43 na ushee. Huyo ni kuku! Na Saranda bila kuku, abiria gani ataitambua? Nikawaacha wazurure jukwaani. Mende aliyekuja kula mbuyu alikuwa na mita tatu na nusu, saizi ya kiboko. Huyo alikutana na ndala. Panya sitamzungumzia, maana kwa hesabu ileile alikuwa na mita 13 bila mkia, na alikula nyasi zote hadi Manyoni mjini.

Zikabaki nguo za abiria. Watu nilishawasuka kwa nyaya za shaba, wakawa uchi mbele ya treni. Kabatini palikuwa na khanga, nikachukua kipande kidogo tu. Ua moja la khanga linafunika ukoo mzima wa sentimita 2, lakini pale penye jina herufi zilikaa vizuri: mama muuza vitunguu akavaa A, mwenzake akavaa M.

Mama Neema aliinama, akamtazama muuza vitunguu kwa muda mrefu.

"Hii ni ya kutolewa posa."

Nikamwambia ni kipande kimoja tu, tena cha khanga moja.

"Khanga ni doti, Baba Neema. Sasa gawanya kwa 87 uniambie inanifunika wapi."