Mimi Mshindani Wangu Namjua

Eti nimjue mshindani wangu! Kaniambia kijana mmoja wa semina ya ujasiriamali, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Nikamwambia, mwanangu, mimi mshindani wangu namjua mpaka namba ya kiatu. Yuko ng'ambo ya barabara, hapahapa Kilwa Masoko, njia ya kushukia gatini. Anauza chai na chapati, nami chai na chapati. Akipaka rangi, napaka. Akishusha bei, nashusha. Akiweka redio, naazima ya shemeji. Chapati zangu nyingi huungua kwa sababu niko bize namhesabia wateja.

Na wateja wenyewe ndio hawa! Mtu anakuja, anakaa kwenye benchi langu, nafuta meza haraka haraka. "Mzee, una chenji ya elfu kumi? Nikalipe pale." Natoa. Mwingine kashiba kwa mwenzangu, anakuja kuchokonoa meno kwa vijiti vyangu. Mwingine anachaji simu, halafu anauliza mbona umeme wangu mdogo.

Sasa siku hizi hata yule jirani kapooza. Tunakodoleana macho barabara nzima, kama wafiwa wa msiba mmoja. Watu wameenda wapi? Wako gatini. Kuna binti kaja na chupa za chai na hotipoti ya maua mekundu, mfuniko umepasuka ubavuni. Wavuvi wanashuka, anao. Abiria wa Kilwa Kisiwani hawajapanda mashua, anao. Kibanda hana, rangi hana, redio hana. Oda anachukua usiku kwa WhatsApp. Sasa mimi ningejuaje? Nalinda barabara, mwenzangu anapita na maji!

Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Mjomba wangu alikuwa na kibanda Ndundu, enzi zile Mto Rufiji unavukwa kwa pantoni. Pantoni ikigoma, basi linalala, abiria wanalala, njaa hailali. Mjomba akawa na adui mmoja tu duniani, mama wa kibanda cha pili aliyejaza mchuzi kuliko yeye. Wakashindana mchuzi mpaka wali ukawa unaelea. Pembeni mafundi wanasimamisha nguzo mtoni. Mjomba akawauzia chai! Wateja safi, anasema, hawakopi. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, mita 970, mabasi yakawa yanapita juu bila hata kumpigia honi. Mpaka leo ukimuuliza nani alimfilisi, anamtaja yule mama wa mchuzi.

Na mjomba ana nafuu, alifilisika na sufuria moja. Kisiwani wamefilisika masultani. Waongoza watalii husimulia pale kwenye magofu ya Husuni Kubwa, nami hujibanza nyuma ya wazungu nisikie bure. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, kwanza waliishika watu wa Mogadishu. Mvuvi wa Kilwa akachukuliwa na mkondo, akaibukia Sofala, akaona mambo, akarudi na umbeya wake. Sultani wa Kilwa akatuma watu wakatoe masharti matamu zaidi, Mogadishu wakabaki na mizani mikononi. Kisa hicho alikiandika Mreno João de Barros, sikukitunga mimi. Wamezidiwa na mvuvi aliyepotea njia! Nani Mogadishu alikuwa anamwangalia mvuvi?

Kilwa ikanona. Msafiri Ibn Battuta alipita mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri. Halafu na wao zamu yao ikafika. Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama akaja na mizinga kudai ushuru wa dhahabu. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Almeida, akaupora mji akajenga ngome, na mwaka huohuo Wareno wenzake wakapiga kambi Sofala kwenyewe, mlangoni mwa dhahabu. Na mimi naapa, siku merikebu zile zinatokeza, sultani alikuwa anawachungulia Mombasa wamepaka rangi gani.

Basi jana nikamwambia mama watoto, huyu binti tumkomeshe. Nasi tutoe ile hotipoti yetu ya harusi, twende gatini. Akaendelea kuchambua mchele.

"Ile nimeikodisha."

"Kwa nani?"

Hakujibu.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kupaka rangi. Unga unaoukanda unadhani unatoka wapi?"